Mchezaji Ng'ombe Kwenye Darasa la Ubatizo

14 Desemba 1958, Jumapili

Padre ametuagiza walimu wote wa dini tuweke daftari la wanaofundishwa ubatizo: jina, siku aliyofika, alichojifunza. Hilo nimelianza na liko juu ya meza ya kanisa. Hili ni jingine, halitatoka nyumbani. Nikifa, atakayeliokota ajue ni la Petro Nyange, mwalimu wa dini wa Mgogoni kwa mwaka wa kumi na tisa.

Leo ibadani watu kumi na mmoja. Karafuu za mwisho zingali majamvini na kila mtu amechoka. Baada ya ibada alinijia mtu nisiyemtarajia, Jaribu, mchezaji ng'ombe. Kutoka hapa hadi Kojani hakuna asiyemjua. Mchezo ukitangazwa, watu huuliza kwanza kama Jaribu yumo. Husimama uwanjani na kitambaa cheupe, zumari linalia, dume linamjia na pembe chini, naye hupinda kiuno tu, dume likapita. Baba yake alitoka bara kuja kuchuma karafuu, akafa Jaribu akiwa mchanga. Bibi yake alibatizwa misheni, lakini mjukuu hakufundishwa msikitini wala kanisani.

"Mwalimu, nataka kuingia," kasema.

"Kuingia wapi?"

"Katika hii kazi yenu."

Nikamwuliza kilichomleta. Akasema juzi adhuhuri alipita hapa akachungulia dirishani, akamwona Bi Tatu kapiga magoti peke yake sakafuni. Bi Tatu ana miaka sabini na magoti yake ni mabovu. Jaribu akaenda zake kisimani, akarudi, bado bibi yuko palepale.

"Nikajua yule yumo mazoezini," kasema. "Nataka kujua ni mazoezi ya nini."

Nilicheka, nikaandika jina lake. Nampa wiki mbili.

17 Desemba

Jaribu kafika kabla sijanawa uso. Nimemwambia darasa ni Jumatano alasiri. Kasema anajua, ila alitaka kuona mahali penyewe wakati hapana watu. Wachezaji hufanya hivyo uwanjani.

25 Desemba

Krismasi. Watu thelathini na mbili. Padre hakuweza kuja, bahari chafu. Jaribu kasimama nyuma tangu mwanzo hadi mwisho, hakuegemea ukuta.

4 Januari 1959

Wiki mbili zimepita na mtu wangu yupo. Darasani wako watatu: yeye na wajukuu wawili wa Bi Tatu. Wale mabinti wanajua majibu ya maswali yote, tena kwa sauti nzuri. Jaribu hajui hata nusu, lakini anachokijua hakimtoki. Leo nimemkuta nje ya kanisa akisema Baba Yetu, akimaliza anaanza tena. Nikamwuliza amesema mara ngapi. Thelathini.

"Sala si hesabu, Jaribu. Mungu hakusikii zaidi kwa kurudia."

"Sirudii kwa ajili yake," kasema. "Narudia kwa ajili yangu. Mguu nao hufundishwa hivyohivyo. Warudia mpaka siku dume likija, mguu wenyewe waenda, weye huna habari."

Nilitaka kumjibu kwa andiko. Nimelitafuta njia nzima ya kurudi nyumbani, sikulipata.

13 Januari

Jua kali, hapana hata wingu. Nimetengeneza paa la jiko.

21 Januari

Jaribu kaniuliza mbele ya darasa, "Mwalimu, weye huanza saa ngapi?" Nikajibu, alfajiri. Mabinti wakatazama chini. Nyumba yao iko karibu na yangu, wanajua naamka jua likishachomoza.

Jioni nilimwambia mke wangu kwamba mtu huyu ana majivuno, anaifanya dini uwanja wa kuonyesha nguvu. Mwanawema alikuwa akichagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Wamwonea choyo," kasema.

Sikuongea naye mpaka usiku. Baadaye nimefikiri, choyo cha nini? Mimi ni mwalimu, yeye ndiye mwanafunzi.

1 Februari

Leo nimekwenda kumwona akifanya mazoezi. Nilijisemea kwamba ni wajibu wangu kujua mwanafunzi anaishije. Kiwanja kiko nyuma ya shamba la mikarafuu la Mzee Khatib Shaame, mwenye dume liitwalo Haambiliki. Dume lenyewe lilikuwa limefungwa mbali, likila. Aliyekuwa dume ni Pandu, rafiki yake Jaribu tangu utotoni, kashika fimbo mbili mbele ya kifua, ndizo pembe. Pandu anakuja mbio, Jaribu anapinda. Pandu tena, Jaribu tena. Mara mia, naapa. Mara moja fimbo ilimgusa ubavuni. Pandu akacheka, Jaribu hakucheka. Alikwenda akakaa peke yake chini, kisha akarudi wakaanza upya, mwendo wa polepole, kama watu wanaoonyeshana njia gizani.

Aliponiona alikuja akanipa mkono. Mkono umejaa sugu.

"Siku saba kabla ya mchezo silali na mke wangu," kasema. "Sili pweza wala sigombani na mtu. Sasa nataka uniambie, kabla ya ubatizo ni siku ngapi?"

Nikamwambia Kwaresima ni siku arubaini. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa uzito wa gunia kabla ya kujitwisha.

Nimerudi nyumbani sijui nimefurahi au nimekasirika.

11 Februari, Jumatano ya Majivu

Jaribu kaanza kufunga na hata maji hanywi mpaka jua litue. Nimemwambia sisi hatufungi hivyo, mtu huchagua jambo moja akaliacha. Kasema, "Weye waacha lipi?" Nikajibu, tumbaku.

Baada ya chakula cha jioni nimevuta jikoni. Naandika kwa sababu daftari hili si la Padre.

20 Februari

Mzee Khatib Shaame kaja nyumbani kwangu. Ni mara ya kwanza kuingia hapa tangu baba yangu azikwe. Ni mtu wa heshima na tumesalimiana kirefu, hali, watoto, jua, ukavu wa visima. Kahawa ilipokwisha akasema kilichomleta. Mchezo mkubwa wa mwisho ni Jumamosi ya tarehe saba Machi, kabla Ramadhani haijaandama. Watu watatoka Wete na Kojani. Kwa desturi, mganga hulifukizia dume ubani na wachezaji huvaa hirizi. Jaribu kakataa hirizi.

"Mimi sina ugomvi na dini yako, Mwalimu," kasema Mzee Khatib. "Shehe wetu mwenyewe kila mwaka hutuambia tuache waganga, na kila mwaka twamwitikia. Lakini uwanjani si mtu mmoja. Mwenzao mmoja akiwa wazi, bila kinga, wote wako wazi. Wanaume wanaoshika kamba wamesema hawatashika."

"Unataka nifanye nini?"

"Mwambie avae chini ya shati. Mungu wako anaujua moyo wake, au hivyo sivyo mnavyofundisha?"

Alipoondoka Mwanawema aliniuliza nimemjibu nini. Nimemjibu kwamba nitafikiri.

22 Februari, Jumapili

Nimemwambia avae.

Nilimshika mkono baada ya ibada, tukazunguka nyuma ya kanisa. Nikasema ni kipande cha ngozi tu, Mungu hatazami ngozi. Nikasema ana mke, na Pandu ana watoto. Nikasema mengine, yote mazuri, na niliyasema vizuri kuliko nilivyopata kuhubiri tangu nianze kazi hii. Jaribu alisikiliza mpaka mwisho.

"Limo katika kitabu cha maswali, hilo?" kauliza.

"Halimo."

"Basi ni lako weye."

"Ni langu."

Alinitazama muda, si kwa hasira, alinitazama kama alivyomtazama Pandu siku ile fimbo ilipomgusa. Kisha akasema hatavaa, na kama Mzee Khatib hamtaki, atakaa nyumbani. Akaniaga kwa adabu zote.

Nilimwambia avae kwa sababu naogopa. Akiumia, watasema Mungu wa misheni kashindwa. Asipoumia, watasema Mungu wa misheni ni hirizi kali kuliko za mganga, na wiki ijayo watanijaa hapa kuja kuitafuta. Vyote viwili sivitaki. Wala sijui ninataka nini.

26 Februari

Mzee Khatib kakubali Jaribu acheze bila hirizi, na wa kamba wamekubali kushika. Habari zimekwisha fika Kojani kwamba yumo na watu wamekodi mashua. Pandu kasema yeye atavaa mbili, yake na ya Jaribu.

4 Machi

Joto. Mbuzi wa jirani kafa kwa kiu. Nimefundisha Amri ya Nne.

7 Machi, Jumamosi

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Nilikwenda. Mwalimu wa dini hana ruhusa ya kwenda mchezoni. Nilisimama nyuma ya wanawake waliopanda majukwaa ya miti wakiimba. Zumari lilianza alasiri, dume la kwanza, la pili, kisha wakaleta Haambiliki. Wanaume wanane walishika kamba yake ndefu. Jaribu aliingia na shati jeupe, shingo wazi, na watu waliokuwa karibu nami wakanong'ona, "Kweli hakuvaa." Mama mmoja akaanza kulia hata kabla ya jambo lolote.

Alicheza vizuri. Mimi sijui mchezo, lakini nilijua kwa jinsi watu walivyonyamaza. Dume lilimjia mara tano na mara tano likapita na kitambaa. Ya sita alipiga goti moja, akaingoja pembe hapo chini. Alipoinuka, wanawake walipiga vigelegele, nami nikajikuta nimeinua mikono juu.

Kisha akatoka, Pandu akaingia. Ilikuwa zamu ya kawaida tu. Pandu aliteleza. Hapakuwa na tope wala jiwe, aliteleza akaanguka kifudifudi, na wale wa kamba walivuta wakachelewa. Jaribu alikuwa pembeni anajimwagia maji kichwani kwa kata. Niliiona kata ikianguka. Alikwenda mbio bila kitambaa, akajitupa juu ya Pandu, na dume likamkuta hapo. Mguu wa kulia, chini ya goti. Nilisikia ulivyovunjika, ingawa nilikuwa mbali na zumari lilikuwa bado linalia.

Wakalivuta dume. Pandu kaumia ubavu lakini anatembea. Jaribu tumembeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, tukapata gari la magunia ya karafuu likatufikisha hospitali ya Wete. Njia nzima nilimshika kichwa. Sikusali. Nilikuwa nikifikiria watu watasema nini.

Na sasa naona hata hawajui waseme nini. Aliyevaa hirizi mbili kaanguka bila sababu, asiyevaa hata moja kavunjika mguu kwa ajili yake. Garini, Mzee Khatib aliniuliza, "Mwalimu, hili twalielewaje?" Aliuliza kweli, si kwa kejeli. Nilimwambia sijui.

8 Machi, Jumapili

Nimehubiri juu ya mtu anayeutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki yake. Watu wamelia. Bi Tatu hakulia.

11 Machi

Ramadhani imeandama leo. Nimekwenda Wete kwa miguu. Jaribu yuko kitandani na plasta mpaka juu ya goti. Nikamsimulia hotuba yangu nikidhani atafarijika.

"Usinisemee hilo, Mwalimu," kasema.

"Kwa nini? Si ndivyo ulivyofanya?"

"Mchezaji yeyote angefanya. Ame, mchezaji mwenzetu, alimfanyia ndugu yangu mwaka juzi, naye hajui hata kanisa lina mlango wapi. Ndiyo sheria ya mchezo." Kisha akasema polepole, "Miezi mitatu nimefanya mazoezi, Mwalimu. Alfajiri kwa alfajiri. Na saa ile ilipofika sikumkumbuka Mungu hata chembe. Niliona mgongo wa Pandu tu."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Yeye mwenyewe aliniambia mguu uliofundishwa huenda wenyewe, mtu hana habari. Lakini mguu wake ulifundishwa na nini, sala au fimbo za Pandu? Sijui, na sikutaka kusema jambo zuri nisilolijua. Nimefanya hivyo mara nyingi mno mwaka huu.

Alipogeukia ukuta nikamwuliza kama nimsalie. Kasema nisimsalie.

16 Machi

Nimekwenda tena. Hasemi. Mkewe, Siti, anasema hajasema Baba Yetu tangu siku ile, na chakula anakula nusu. Wauguzi wanamsifu kwa utulivu. Mimi nimewaona madume wakitulia hivyo wakishachoka kupambana.

Aliniambia neno moja tu wakati nikitoka. "Nilijua dini ni kukimbia. Sasa nimelazwa. Kuna kazi gani ya mtu aliyelazwa?"

19 Machi

Bi Tatu kataka nimpeleke Wete. Tumepanda gari la abiria. Alikaa kando ya kitanda, akatoa kichupa cha mafuta ya nazi, akaanza kumkanda Jaribu mguu ule usiovunjika. Hakutaja dini. Alizungumza juu ya kuku wake na mjukuu aliyeungua mkono. Baada ya muda mrefu Jaribu akamwuliza siku ile dirishani alikuwa akiomba nini.

"Siku gani?" kasema Bi Tatu.

"Ile ya jua kali. Ulikaa mpaka nikarudi kutoka kisimani."

Bi Tatu alifikiri. "Ah. Nilikuwa nimelala."

"Umelala?"

"Nilipiga magoti, usingizi ukanichukua. Hunichukua mara kwa mara, mwanangu. Nikizinduka naendelea palepale nilipoachia. Ni miaka arubaini sasa."

Jaribu alicheka mpaka plasta ikamuuma. Ni cheko lake la kwanza tangu tarehe saba. Mtu kaacha hirizi na kafunga hadi midomo ikapasuka, yote kwa sababu ya bibi aliyekuwa amesinzia.

Tulipokuwa tukiondoka, alimwomba Bi Tatu amwachie kile kichupa.

24 Machi

Jaribu katoka hospitali. Anatembea kwa magongo mawili.

28 Machi, Jumamosi Kuu

Padre kafika jana kwa meli ya Unguja. Ni mzee sasa, anapanda ngazi za kanisa akizihesabu. Leo amewasaili wanaotaka ubatizo, mimi nikiwa nimekaa kando yake kama shahidi. Mabinti wawili wamejibu yote. Kisha Jaribu, kasimama kwa magongo, kakataa kiti.

Maswali ya kitabu aliyajibu, kwa makosa mawili madogo. Ndipo Padre akamwuliza, "Mchezo wa ng'ombe, na mambo ya uganga yanayoambatana nao, umeyaacha?"

"Uganga nimeuacha, Padre. Mchezo sikuuacha. Umeniacha wenyewe." Akagonga plasta kwa gongo. "Siwezi kusema nimetoa kitu nilichonyang'anywa. Mguu ukipona, nitarudi uwanjani. Bila hirizi, lakini nitarudi."

Neno moja tu, "nimeuacha", lilimtosha kubatizwa. Kila mtu mle ndani alilijua na yeye alilijua. Padre alivua miwani akaifuta. Kwa upole akamwambia angoje mwaka mmoja, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, una la kusema juu ya mtu huyu?"

Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya bidii yake, lakini yaliyotoka si hayo. Nikasema, "Padre, mimi ndiye niliyemwambia avae hirizi. Mzee Khatib aliniomba, nami kwa woga nikamshauri aivae chini ya shati. Yeye ndiye aliyekataa. Kama kuna mtu wa kungoja mwaka, si yeye peke yake."

Padre alivaa miwani tena. Akauliza kama nimelielewa nililosema. Nikasema ndiyo. Akasema kesho nisome masomo kama kawaida, na juu ya kazi yangu ataniandikia barua akifika Unguja. Uamuzi wa Jaribu haukubadilika.

Mwanawema nimemwambia yote. Aliuliza kama barua ikiwa mbaya tutakwenda wapi. Kisha akaniwekea chai.

29 Machi, Pasaka

Mvua ya kwanza ya masika imeshuka wakati wa ibada, ikapiga mabati hata Padre akanyamaza kuingoja. Mabinti wamebatizwa. Hotuba ilipokwisha, wasiobatizwa hutoka kabla ya Meza ya Bwana. Jaribu alitoka peke yake kwa magongo, akakaa barazani, mvua ikimrushia miguuni. Kupitia mlangoni niliuona mgongo wake ibada yote iliyobaki.

Baadaye nilimsindikiza nyumbani, mwendo wa magongo katika tope. Nilidhani nitamkuta na uchungu. Anasema mwaka mmoja si mrefu, dume la kwanza alingoja miaka mitatu kabla ya Mzee Khatib kumruhusu kulikaribia. Nikamwuliza kama ameanza tena kusali. Kasema anaanza na kulala anakoishia, kama Bi Tatu.

Hapo ndipo nilipomwambia. Sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Nilimwambia kwamba ni miaka kumi na moja, tangu mwanetu Yakobo afe, sijasali nikiwa peke yangu. Mbele ya watu nasali, tena vizuri. Nikibaki peke yangu hapatoki kitu.

Jaribu alisimama katikati ya njia. Nilingoja ashtuke. Alinitazama miguuni, mabegani, tumboni, kama anavyotazamwa mtu aliyeacha mchezo siku nyingi na sasa anataka kurudi.

"Basi usianze na kirefu," kasema. "Utaumia. Chukua nusu ya Baba Yetu. Fika kwenye mkate, usimame hapo. Siku tatu. Halafu tutaona."

"Na nikishindwa kufika kwenye mkate?"

"Rudi nyumbani. Kesho uje tena."

30 Machi

Nimeamka alfajiri. Nimepiga magoti. Hapakutoka kitu. Nimerudi kulala.

31 Machi

Maneno matatu.

2 Aprili

Mvua usiku kucha, njia ya Wete haipitiki, kwa hiyo hata barua kama ipo haiwezi kufika. Alfajiri nimepiga magoti kando ya kitanda. Nimekwenda polepole. Nilipofika penye mapenzi yake akili ilikimbilia kwa Yakobo, nikairudisha, ikakimbia tena, nikaanza upya. Magoti yaliniuma vibaya, sikujua yamechakaa hivyo. Nimefika kwenye mkate, nikasimama hapo kama nilivyoambiwa.

Mwanawema alizinduka akaniona. Alijifunga kanga akaenda kuwasha moto, kuni mbichi, moshi ukajaa nyumba nzima.